Kurusha redio ya ridhaa milimani Usambara wakati wa kiangazi

Kiangazi cha Januari na Februari ndicho msimu bora Usambara wa redio ya ridhaa, yaani kuzungumza hewani na watu wa mbali kwa kujifurahisha. Vuli imekwisha, masika bado, na njia ya kutoka Lushoto kupanda hadi Mtae inapitika. Anayeanza huuliza kwanza wati ngapi. Milimani cha kuangalia kwanza ni kelele. Mjini taa za LED na chaja za simu hufunika vituo dhaifu. Kwenye kilima kisicho na nguzo za umeme, kituo cha wati 5 unakisikia vizuri. Kwa hiyo redio ya wati 5 au 10 inatosha. Juhudi zako zimalizie kwenye antena.

1. Leseni na hodi

Tanzania leseni hutolewa na TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano), na alama ya mwito, yaani jina lako la hewani, huanza na 5H. Kenya ni 5Z, Uganda 5X. Beba nakala. Kisha piga hodi kwa mwenye shamba na umwarifu mwenyekiti wa kitongoji kabla hujafungua begi. Mzee akikuona na futi kamba kwenye migomba yake atadhani umetumwa kupima ardhi. Ukishamwamkia, ukamweleza na kumsikilizisha sauti za mbali, mara nyingi yeye ndiye atakayekuonyesha mti mzuri.

2. Kata waya

Gawanya 142.5 kwa masafa utakayorushia, kwa megahezi. Jibu ni urefu wa antena nzima kwa mita, yaani waya mbili sawa zinazokutana katikati. Kwa 14.2 unapata kama mita 10, yaani 5 kila upande. Kwa 7.1 ni mita 20, yaani 10 kila upande. Tumia waya wa nyumba wa milimita mraba 1.5, na kila kipande kiongezee sentimita 30 za kukunja.

Mimi natengeneza antena moja ya masafa yote mawili. Kila upande una mita 5, kisha kipande kidogo cha bomba la plastiki kisichopitisha umeme, kisha mita 5 nyingine. Juu ya hilo bomba kuna kibanio: ukikifunga unafanya kazi kwenye 7, ukikifungua uko kwenye 14.

Katikati, toboa kipande kingine cha bomba. Waya wa ndani wa kebo ya antena uuchomee kwa risasi upande mmoja, wavu wake upande wa pili. Chini ya hapo zungusha kebo mara nane, duara la sentimita 15 hivi, ufunge. Hayo mazunguko huzuia mawimbi kushuka na kebo hadi kwenye maiki yako.

3. Pandisha

Mkaratusi unafaa. Chupa ndogo ya plastiki iliyojaa mchanga ni salama kuliko jiwe, kwa sababu jiwe huchomoka kwenye kamba na kuangukia watu, na watoto hawatakosekana hapo. Tandaza kamba ya nailoni chini bila fundo, simama hatua chache kutoka kwenye shina, zungusha chupa kwa mkono ulionyooka na uiachie ikielekea juu ya tawi la mita 8 hivi. Ikishuka upande wa pili, funga kamba kwenye kitovu cha antena uvute. Ncha mbili zishuke kama paa la nyumba, zifungwe kwa kamba juu ya kimo cha mtu, maana ncha ya waya wakati wa kurusha huunguza.

Ukitaka Ulaya, nyoosha waya mashariki–magharibi, kwa kuwa antena hii hurusha zaidi ubavuni. Kwa 7 mwelekeo si hoja: kwa kimo hicho mawimbi hupanda juu na kurudi chini, yanaruka vilima, na mchana unafika Dar es Salaam na Nairobi.

4. Pima na usikilize

Mita ya SWR (hupima antena inavyolingana na redio) ikionyesha kiwango cha chini kabisa kiko kwenye masafa madogo kuliko unayotaka, waya ni mrefu. Kunja ncha zote mbili sawasawa. Chini ya 1.5 ni safi.

Kabla ya kuita, weka redio kwenye 14.100, hali ya Morse (CW). Vituo 18 vya dunia vya kupima njia za mawimbi hupokezana hapo, kila kimoja sekunde 10 ndani ya dakika tatu: alama ya mwito, kisha mistari minne (milio mirefu) ya wati 100, 10, 1 na 0.1. Ukiisikia 4X6TU ya Israeli hadi mstari wa tatu, njia ya kaskazini iko wazi kwa redio yako ndogo. 5Z4B ya Kenya usipoisikia usishangae. Iko karibu mno, mawimbi yanapita juu yako.

5. Ita

LSB na USB ni hali mbili za kurusha sauti, utazikuta kwenye redio. Mchana tumia LSB karibu na 7.090, jioni kuanzia saa kumi USB karibu na 14.285. Taja alama yako polepole, sikiliza, rudia. Chomoa chaja ya sola ukiwa hewani, maana nyingi hutoa kelele. Betri pekee itakutosha. Kwenye daftari andika saa za UTC, yaani saa moja ya pamoja ya dunia nzima: saa kumi jioni ni 13:00.

6. Radi

Kuelekea Machi mawingu hujikusanya mchana. Mikwaruzo ikizidi kwenye 7, inua macho. Ukisikia ngurumo ndani ya sekunde 30 baada ya mwale, radi iko ndani ya kilomita 10: zima, ondoka chini ya mti, ingia nyumbani. Dalili zikianza mapema, chomoa kebo kabla ngurumo haijasikika. Antena iache ilipo, utaifuata mbingu zikitulia.