Ukienda tamasha la kondoo na sufu Marekani

Ndugu zangu mnaoishi mashariki mwa Marekani, kuna matamasha mawili ya kuyawekea nafasi. La Maryland hufanyika West Friendship, kwenye viwanja vya maonyesho vya Howard County, mwanzoni mwa Mei. La jimbo la New York hufanyika Rhinebeck, wikendi ya tatu ya Oktoba. Kwenda Maryland utahitaji gari. Rhinebeck waweza kupanda treni ya Amtrak kutoka jiji la New York hadi Rhinecliff, kisha umalizie kwa teksi.

Fika Jumamosi asubuhi mapema, na viatu vya kukanyagia matope. Beba pesa taslimu pia.

Anzia mabandani, kabla hujagusa uzi wowote. Ukishaona manyoya yakiwa bado mgongoni mwa mnyama, utaelewa kwa nini uzi mmoja ni laini na mwingine unawasha. Kuna aina nyingi za kondoo: sufu ya Merino ni ya kuvaliwa shingoni. Border Leicester ana mawimbi yanayong'aa, mazuri kwa mkoba au zulia. Anayejifunza kusokota nampeleka kwa Romney au Corriedale, maana nyuzi zao ni ndefu na hazimsumbui mtu.

Kisha nenda panapouzwa sufu ghafi, yaani manyoya mazima ya kondoo mmoja, hayajaoshwa. Hapa ndipo wengi wanapopoteza pesa, kwa kuchagua rangi tu. Omba ruhusa, uchomoe kishungi chembamba. Kishike ncha zote mbili, kisogeze sikioni, ukivute kwa ghafla. Kikilia mlio mmoja mkali, sufu ni nzima. Ukisikia mchakacho kama wa majani makavu, au kikikatika katikati, iache hata kama inapendeza: huenda kondoo aliugua au alikosa lishe wakati manyoya yakikua, na uzi utakukatikia kila mara kwenye gurudumu la kusokotea. Fungua manyoya pia utazame shingoni na mgongoni, ambako nyasi kavu hujificha.

Kumbuka kwamba unalipia mafuta na vumbi pamoja na sufu. Ya Merino inaweza kupoteza nusu ya uzito ikioshwa, au zaidi. Nyumbani iloweke kwenye maji ya moto sana yenye sabuni ya vyombo, wala usiisugue. Ukiisugua inashikamana na hutaweza kuitenganisha tena.

Kwa anayefuma sweta, nunua uzi wote siku hiyohiyo, uliotiwa rangi kwa mkupuo mmoja. Waliotia rangi kwa mikono hawawezi kuirudia ileile, na tofauti itaonekana kifuani pale uzi wa mikupuo miwili tofauti unapokutana.

Mkitaka kuwapelekea jamaa nyumbani, pelekeni uzi uliokwisha kusafishwa na kusokotwa. Nchi nyingi huweka masharti kwa sufu ghafi kwa kuhofia magonjwa ya mifugo. Na kama una safari ya ndege karibuni, safisha viatu vizuri. Fomu za forodha mara nyingi huuliza kama umekuwa karibu na mifugo.

Watoto wapelekeni kwenye shindano la kutengeneza shali, ambapo timu husokota na kufuma dhidi ya saa, sufu ikiwa mbele yao. Keti karibu na wasokotaji. Mtoto akiuliza, wao humwonyesha, na mara nyingine humpa kishungi akijaribu kukipinda mwenyewe.