Namna ya kuona utitiri wa kando ya Kivu unavyopumua

Chupa iliyowahi kusuguliwa kwa sabuni usiitumie kwa kazi hii, hata ukiisuuza mara tatu. Sababu itakuja huko chini. Mimi ilinila Jumamosi nzima.

Shuka ziwani jua likishapanda na upepo ukianza kuvuma. Usichuchumae kwenye mabonde ya mawe ya volkano asubuhi mapema, hasa njia ya kutoka Goma kwenda Sake: mazuku, yaani hewa nzito ya kaboni dioksidi inayoua, hulala humo, na anayeinamisha pua chini ndiye hupatwa kwanza. Tafuta mahali mawimbi yalipoacha mstari wa majani yanayooza na povu lililokauka. Kivu haipwi na kujaa kama bahari, kwa hiyo mkanda wenye unyevu ni mwembamba. Chota konzi mbili tatu za uchafu huo, pamoja na ukoga wa kijani ulioshika mawe. Kaa mbali na wanapofulia.

Mama mmoja aliniona nikichota akauliza, "Mwalimu, huo uchafu ni wa nini?"

"Natafuta utitiri, mama."

"Wa kuku?"

Hakukosea sana. Utitiri mwekundu wa kuku na wengi wa hawa wanaokimbia kwenye majani ya ufukweni ni wa kundi moja, na hupumua kwa tundu za namna moja.

Nyumbani, kata chupa ya plastiki, geuza upande wa shingo uwe faneli, tandika kipande cha chandarua, kisha mwaga uchafu juu yake. Chini weka kikombe chenye karatasi ya choo iliyoloweshwa. Juu ning'iniza ampuli (balbu) ya zamani, ile inayochoma mkono. Hizi mpya hazina joto. Umeme ukikatika, tumia jua. Wadudu hukimbia ukavu, huteremka na kuangukia kikombeni, siku moja au mbili. Faneli ya namna hii ni ya Mwitaliano Antonio Berlese, ya mwaka 1905; taa iliongezwa baadaye na Msweden Albert Tullgren, na chandarua ni nyongeza yetu.

Chagua wenye rangi ya kahawia, miguu minane, wasiofika milimita moja. Wanaorukaruka waache.

Mmoja muulie kwenye pombe ya farmasi, mlaze chali chini ya hadubini, ukuze mara mia au zaidi. Angalia ubavuni, kati ya mguu wa tatu na wa nne: kila upande una tundu. Kutoka hapo mfereji mwembamba kama uzi unakwenda mbele, ukipita juu ya mashina ya miguu. Huo ni peritremu. Ndani ya tundu huanza mirija ya hewa. Ikiwa bado haijaingia majimaji, mwanga ukitoka chini utaiona myeusi, kisha inafutika kipande kwa kipande. Usipepese macho hapo.

Sasa aliye hai. Mnase kwa ncha ya unyoya wa kuku uliolowa, mzamishe kwenye kifuniko chenye maji ya ziwa, umulike kwa tochi ya simu kutoka ubavuni. Akiwa ameshika hewa, utaona ung'avu kama wa fedha kwenye mwili wake. Gamba limekataa maji kama jani la magimbi, na utando wa hewa umebaki. Utando wa aina hiyo ukikaa bila kusinyaa huitwa plastroni: oksijeni iliyoyeyuka majini huingia humo, naye anapumua bila kupanda juu. Kwenye miamba ya bahari, utitiri wa jamii ya Fortuyniidae wana vifereji kwenye gamba kwa kazi hiyo hiyo. Jamii nyingine ya utitiri, Halacaridae wa baharini, hawana mirija kabisa, oksijeni inapita kwenye ngozi.

Halafu chovya kijiti kwenye sabuni, uguse maji. Ile fedha inazimika mbele ya macho yako, kwa kuwa sabuni huyafanya maji yashike gamba.

Ndicho kilichonipata. Chupa yangu ilikuwa na mabaki ya sabuni ya unga, wadudu wote wakalowa, nami nikaandika ubaoni kwamba utitiri wa Kivu haushiki hewa. Jumatatu mwanafunzi mmoja akaleta wa kwake ndani ya chupa ya maji aliyoinunua na kuinywa njiani. Wanne kati ya sita walikuwa wanang'aa.