Namna ya kuandika kumbukumbu za utoto wa kitongoji cha Uingereza baada ya vita

Mtu aliyezaliwa Uingereza miaka ya Vita vya Pili vya Dunia au muda mfupi baadaye, akakulia katika kitongoji cha mji mkubwa, mara nyingi atakuambia kwamba hana la kusimulia. Walikwenda shule, wakacheza barabarani, wakarudi kula, basi. Hivyo ndivyo nilivyojibiwa na mama mkwe wangu, aliyezaliwa mwaka 1944 kusini mwa London, nilipomwomba anisimulie utoto wake ili wajukuu wake wausome kwa Kiswahili. Daftari la simulizi hizo lilituchukua majira mawili ya baridi, na mengi ninayoyaeleza hapa niliyajua baada ya kuyakosea kwanza.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuanza na vita. Swali kubwa huzaa jibu la kitabuni, na mzee anayeulizwa maisha yalikuwaje baada ya vita atakurudishia yale aliyoyaona katika televisheni kwa miaka sabini. Mpe kwanza karatasi na penseli, umwombe achore njia ya kutoka mlango wa nyumba yao hadi lango la shule. Usimwonyeshe ramani yoyote kabla hajamaliza. Ramani za zamani za Ordnance Survey, idara ya ramani ya Uingereza, zinapatikana bure katika tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Scotland, na utazihitaji baadaye, lakini akiziona mapema atakueleza ramani badala ya kukueleza mtaa. Mwache akosee vipimo. Nyumba ya mbwa mkali itakuwa kubwa kuliko kanisa, na duka la peremende litakuwa karibu kuliko lilivyokuwa. Yote hayo ni habari.

Kabla ya kuketi naye, jifunze nyumba zenyewe. Wengi hudhani kwamba kitongoji cha baada ya vita kilijengwa baada ya vita. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya vitongoji vya London kama Morden, Edgware na Pinner ilijengwa kati ya vita viwili vya dunia, wakati nyumba takriban milioni 4 zilipojengwa Uingereza na Wales, nyingi zikifuata reli mpya na treni za umeme. Vita vilipokwisha, mbao na matofali vilikuwa adimu, na mtu binafsi alihitaji leseni ya kujenga hadi Novemba 1954. Kwa hiyo mtoto wa miaka ya 1940 huenda alikulia katika nyumba pacha ya miaka ya 1930, yenye ukuta mmoja wa kati unaogawanywa na jirani, bustani ndogo mbele na ndefu nyuma, rangi ikibabuka kwa sababu kwa miaka mingi rangi mpya haikupatikana. Wengine walipewa nyumba za muda zilizoundwa kiwandani kwa vipande, zipatazo 156,000 nchini kote, ambazo zilikusudiwa kudumu miaka kama kumi na bado baadhi zilikaliwa miongo kadhaa baadaye. Muulize ni ipi kati ya hizo, kisha muulize kilichokuwa mwisho wa bustani. Mara nyingi palikuwa na handaki la Anderson la kujikinga na mabomu, kile kibanda cha mabati yenye migongo kilichofukiwa nusu ardhini, ambacho wakati huo kilikuwa kimegeuka stoo ya majembe au ngome ya watoto.

Sasa ingia dukani. Chakula cha mgao ndicho mlango bora wa kumbukumbu za kizazi hiki, kwa sababu kina tarehe. Mgao ulianza Januari 1940 na haukuisha kabisa hadi tarehe 4 Julai 1954, nyama ilipoachiwa. Mkate, ambao haukuwahi kugawiwa wakati wa vita, uligawiwa kuanzia Julai 1946 hadi Julai 1948. Ukiwa na tarehe hizo kando yako, kumbukumbu isiyo na mwaka hupata mwaka. Lakini zitumie kwa upole. Mama mkwe aliniambia kwamba peremende ziliachiwa huru kabla hajaanza shule, na anaikumbuka foleni. Wiki mbili baadaye akasema kwamba alipokuwa na miaka saba alimpa dada yake kuponi zake za peremende ili anyamaze kuhusu dirisha lililovunjika. Nikaona hayo hayapatani, na nilikuwa tayari nimeifuta ile foleni kwa wino mwekundu. Nilipochunguza, nikakuta yote mawili ni kweli: peremende ziliachiwa Aprili 1949, watu wakazinunua kwa pupa hadi maduka yakabaki matupu, serikali ikaurudisha mgao Agosti mwaka huohuo, na haukuondolewa tena hadi tarehe 5 Februari 1953. Tangu hapo sikufuta kitu kwa sababu tu kinapingana na kingine. Weka alama ya kuuliza pembeni, uendelee.

Fedha zinahitaji uangalifu wa namna hiyo hiyo. Hadi tarehe 15 Februari 1971 pauni moja ilikuwa shilingi 20, na kila shilingi ilikuwa peni 12, hivyo pauni ilikuwa peni 240. Kulikuwa na sarafu ya nusu krauni yenye thamani ya shilingi 2 na peni 6, na ile ya peni 3 yenye pembe kumi na mbili ambayo watoto waliipenda kwa kuishika tu. Usibadilishe kiasi kuwa fedha za leo. Hesabu hiyo huua simulizi. Andika kilichonunuliwa na aliyekinunua. Ruzuku ya familia, iliyoanza Agosti 1946 kwa shilingi 5 kwa wiki kwa kila mtoto isipokuwa wa kwanza, huzungumzwa vizuri zaidi ukiuliza nani alikwenda posta kuichukua, maana jibu litakuonyesha nani alishika mfuko wa nyumba.

Kuna matukio ambayo kila mtu wa umri huo anayo, na hayo ndiyo ya kuyatilia shaka. Kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, tarehe 2 Juni 1953, ni mojawapo. Watu zaidi ya milioni 20 walilitazama katika televisheni, wengi wao wakiwa wamejazana sebuleni kwa jirani aliyekuwa nayo, na picha zake zimerudiwa mara nyingi mno hata mzee hawezi tena kutenganisha alichokiona siku ile na alichokiona baadaye. Usiulize habari za malkia. Uliza sebule ilikuwa ya nani, nani alikaa sakafuni, mvua ilinyesha kiasi gani walipotoka nje, na yule jirani alizungumza nao vipi siku iliyofuata. Hapo utapata kitu ambacho hakuna kamera iliyokipiga.

Majira makali ya baridi nayo huchanganywa, yale ya mapema 1947 na yale ya 1962 hadi 1963. Akikumbuka umeme kukatwa na mtu mzima kukaa nyumbani kwa sababu kiwanda kimekosa makaa, yuko 1947. Akikumbuka kuitazama theluji katika televisheni ya nyumbani kwao wenyewe, karibu hakika ni yale ya pili. Ukungu mzito wa moshi wa London, tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, hauna shida hiyo kwa waliokuwa karibu nao, ingawa kulikuwa na mwingine mwingi mdogo kabla ya sheria ya hewa safi ya 1956 na hata baada yake. Hapa niseme jambo kwa wanaoandika kwa Kiswahili kama mimi: msiandike mkaa. Msomaji ataona jiko la mkaa. Kilichokuwa kikiwaka katika meko za sebule zile ni makaa ya mawe, yaliyoletwa kwa magunia na mtu mwenye uso mweusi kwa vumbi, na moshi wake ni jambo tofauti kabisa.

Kuhusu shule, maziwa ya bure ya theluthi moja ya painti yatakuja yenyewe, yakiwa yameganda wakati wa baridi na vuguvugu wakati wa joto. Mtihani wa umri wa miaka 11 usiulizwe siku ya kwanza. Chini ya mfumo uliotokana na Sheria ya Elimu ya 1944, mtihani huo uliamua nani angekwenda shule ya kitaaluma na nani angekwenda ile ya kawaida, na ndugu wa nyumba moja walitenganishwa nao kwa maisha yote. Nimewaona watu wenye umri wa miaka themanini wakibadilika sauti wanapoufikia. Vivyo hivyo na baba waliorudi vitani wakanyamaza: andika ukimya wenyewe, nani alikatazwa kuuliza nini na mezani palikuwaje, na usijaribu kuujaza kwa historia ya kikosi.

Baada ya hapo ndipo uende kwenye kumbukumbu za serikali, na utakuta pengo. Sensa ya 1931 ya Uingereza na Wales iliteketea kwa moto mwaka 1942, ya 1941 haikufanyika, na ya 1951 haitafunguliwa hadi 2052. Kilichobaki ni Rejista ya tarehe 29 Septemba 1939, inayotaja waliokaa katika kila nyumba siku hiyo, ingawa waliozaliwa chini ya miaka 100 iliyopita hufichwa isipokuwa kifo chao kimethibitishwa. Madaftari ya wapiga kura ya baada ya vita husaidia pia, ila kumbuka kwamba wakati huo umri wa kupiga kura ulikuwa miaka 21, kwa hiyo kaka mkubwa ambaye hajafikia umri huo huenda asiwemo. Kwa maneno mengine, kwa mtoto wa miaka hiyo, daftari lako huenda likawa chanzo pekee cha mambo mengi.

Unapoandika, baki na maneno yake na mpangilio wake, hata anaporukaruka. Mambo ya majirani walio hai mwulize kwanza kama anataka yachapwe. Kisha msomee kila sura kwa sauti, ukiacha nafasi pana pembeni mwa ukurasa.

Katika ile ramani ya kwanza, mama mkwe alikuwa amechora safu ya nyumba na kuacha nafasi tupu kati ya mbili. Alisema palikuwa mahali pao pa kuchezea, penye vifusi na maua ya zambarau. Nilimuuliza kwa nini hapakuwa na nyumba. Akafikiri kwa muda mrefu, akasema ni bomu, bila shaka ni bomu, na kwamba hakuwahi hata siku moja kujiuliza nani alikuwa akikaa pale. Mabomu ya V-1, yale ya Wajerumani yaliyoruka yenyewe bila rubani, yaliangukia sana vitongoji vya kusini mwa London kuanzia Juni 1944, alipokuwa mchanga. Tulitafuta anwani ile katika Rejista ya 1939 na kupata jina la familia. Aliomba penseli, akaliandika mwenyewe katika lile pengo kwa herufi ndogo, na karatasi hiyo tuliiweka ukurasa wa kwanza wa daftari kama ilivyo, bila kuichora upya.