Kupanga Safari ya Treni ya Miji Mingi Ulaya kwa Pasi Moja

Msafiri wa Mombasa aliyezoea kukata tiketi ya kila safari ya treni kutoka Miritini hadi Nairobi atahitaji hesabu nyingine akinunua pasi ya Eurail, yaani tiketi moja ya kupanda treni nyingi za Ulaya, ambayo huuziwa wakazi wa nje ya Ulaya. Chagua pasi ya siku chache ndani ya mwezi mmoja, kisha uzitumie siku hizo kwa masafa marefu tu, kama Paris hadi Zürich. Linalowaponza wengi ni kiti: treni za kasi kama TGV na Eurostar hudai nafasi ilipiwe mapema, mbali na pasi, na nafasi hizo huisha. Treni ya usiku huhesabiwa kwa siku ya kuondoka pekee, mradi usibadilishe treni baada ya saa sita usiku.