Mshahara mmoja, watoto wadogo: namna ya kutoka kwenye hela ya mezani

Nyumba nyingi za Dar es Salaam zinazotegemea mshahara mmoja huendeshwa kwa hela ya mezani. Anayekwenda kazini anaacha 8,000 au 10,000 asubuhi, anayebaki na watoto anatuma dukani: mafuta ya 500, sukari robo, unga nusu, mkaa kopo moja. Jioni hela imekwisha na ndani hakuna kitu, kesho yanaanza upya. Utaratibu huu una sura ya nidhamu kwa sababu hakuna anayefuja. Ila ndio unaomaliza mshahara, maana kila kitu kinanunuliwa kwa bei ya juu kuliko zote, bei ya kupimiwa.

Jaribu kwa mafuta ya kula. Nunua kipimo cha 500, mimina kwenye chupa tupu ya maji ya nusu lita, endelea hivyo kila siku mpaka ijae. Ikijaa kwa vipimo vinane umetoa 4,000, kwa hiyo lita moja umeinunua 8,000. Kama lita dukani ni 6,000 na nyumba inatumia lita nne kwa mwezi, umelipa 8,000 zaidi kwa kitu kimoja tu. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa sukari, sabuni ya unga na mkaa, utaona hela ya pampasi ilikuwa inapotelea wapi.

Kinachofuata ni namna ya kuigawa hela ya mwezi mzima siku ileile inapoingia. Bei zote humu ni za mfano, weka za soko lako.

Jueni kinachofika mkononi

Mshahara wa 600,000 hauwi 600,000. NSSF ikikatwa asilimia 10 zinaondoka 60,000. Zinabaki 540,000, na hizo ndizo zinazotozwa kodi: 270,000 za kwanza hazikatwi kitu, 250,000 zinazofuata hukatwa asilimia 8 (20,000), na zile 20,000 zinazozidi 520,000 hukatwa asilimia 20 (4,000). Kodi ni 24,000, mkononi zinafika 516,000. Mwenye mkopo wa elimu ya juu anakatwa asilimia 15 nyingine, yaani 90,000, na hapo picha inabadilika kabisa. Mabadiliko ya kodi yanayopitishwa kwenye bajeti ya serikali kwa kawaida huanza Julai, kwa hiyo hati ya mshahara ya Julai isomwe upya mstari kwa mstari.

Kwa bodaboda, fundi au mwenye genge, msitumie wastani. Chukueni mwezi mbaya kuliko yote katika sita iliyopita, huo ndio uwe mshahara wenu. Kinachozidi kwenye miezi mizuri kinawekwa kando kisubiri ule mbaya.

Takwimu hii waijue wote wawili. Anayenunua bila kujua kilichopo hununua kwa woga au kwa kukisia, na anayeshika hela peke yake huishia kulaumiwa kwa kila sahani iliyopungua.

Kodi ya nyumba na Januari kwanza

Bajeti nyingi hazivunjwi na chakula. Zinavunjwa na hela zinazodaiwa kwa mkupuo. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, na kwa vyumba viwili vya 80,000 hiyo ni 480,000, karibu mshahara mzima. Asiyejiandaa hukopa, na miezi mitatu inayofuata analipa deni huku akiandaa deni jingine.

Njia inayofanya kazi vizuri hapa ni upatu uliopangwa kwa makusudi. Watu sita, kila mmoja 80,000 kwa mwezi, anayepokea anapata 480,000 kamili. Omba zamu ya mwezi unaotangulia tarehe ya kodi. Ukiangukia zamu ya mapema, nenda ukalipe kodi siku hiyohiyo na uchukue risiti, kwa sababu 480,000 ikikaa nyumbani miezi miwili haitafika. Upatu hauna riba na unakubana kuweka, lakini kijumbe, yaani anayekusanya hela, akitoroka huna pa kushtaki kwa urahisi. Cheza na watu unaojua wanapoishi na wanapofanya kazi, na kila malipo yaandikwe mbele ya wote.

Januari nayo ina jina lake, mwezi dume. Shule za serikali, hadi kidato cha nne, hazina ada tangu 2016, lakini sare jozi mbili, sweta, viatu, begi, madaftari na michango ya chakula vipo palepale. Orodhesha vitu vya kila mtoto, weka bei, gawanya kwa 12. Kama jumla ni 240,000, toa 20,000 kila mwezi. Viatu na sweta nunua Oktoba au Novemba, kabla mistari ya Januari haijaanza, na ongeza saizi moja kwenye viatu, kwani mtoto wa miaka saba hukua kabla soli haijaisha.

Stoo, soko, siku

Hela ya chakula igawanywe mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni stoo, vitu vinavyokaa mwezi, vinanunuliwa mara moja. Kwa watu wazima wawili na watoto watatu (wa miezi minane, miaka minne na miaka saba) makadirio ya kuanzia ni haya:

- unga wa sembe kilo 15, kwa 1,800: 27,000
- mchele kilo 12, kwa 2,800: 33,600
- maharage kilo 6, kwa 3,200: 19,200
- mafuta lita 4, kwa 6,000: 24,000
- sukari kilo 4, kwa 3,000: 12,000
- sabuni za kufulia na kuogea: 12,000
- chumvi, majani ya chai, kiberiti: 3,200

Jumla 131,000. Stoo hufeli kwa sababu moja kubwa: vitu vikionekana vingi, mkono unakuwa mwepesi. Mchele kilo 12 kwa siku 30 ni gramu 400 kwa siku. Kikombe cha mililita 250 hubeba karibu gramu 200, kwa hiyo ni vikombe viwili kwa siku, basi. Kikombe kikae ndani ya ndoo ya mchele na kisitoke humo. Weka alama kwa kalamu ya wino mzito nje ya ndoo pale mchele unapotakiwa kuwa tarehe 15. Ukiwa chini ya alama, siku mbili zinazofuata ni ugali.

Maharage na mchele vichambuliwe na vianikwe juani kabla ya kuingia kwenye ndoo, na ndoo iwe kavu kabisa, yenye kifuniko. Unyevu kidogo tu unaleta ukungu na wadudu, na hapo faida ya kununua kwa wingi imeliwa. Mahindi na karanga zilizoota ukungu zisipikwe wala kusagwa, hata baada ya kuoshwa. Sumukuvu haiondoki kwa kupika, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Fungu la pili ni soko la wiki: nyanya, vitunguu, karoti, nazi, dagaa, mayai, viazi, ndizi, samaki au nyama ya siku moja. Tuseme 22,000 kwa wiki. Kosa linalorudiwa na karibu kila mtu ni kugawa mwezi kwa wiki nne. Mwezi una wiki nne na siku mbili au tatu, na ni siku hizo za mwisho ndizo watu wanakopa dukani. Tenga 22,000 mara nne, kisha 10,000 ya mkia wa mwezi, jumla 98,000. Hizo 10,000 zikae bahasha yake, isiguswe kabla ya tarehe 28 ya mzunguko wenu.

Nenda soko kubwa la karibu asubuhi, siku moja ileile kila wiki. Nyanya chukua nusu zimeiva, nusu bado, ili zisioze pamoja. Mboga za majani (mchicha, tembele, kisamvu) hazingoji wiki, na hapo ndipo linapokuja fungu la tatu: senti za siku, zinazotolewa humohumo kwenye 22,000. Shilingi 1,000 kwa siku inatosha fungu la mboga na ndimu. Anayebaki nyumbani apewe 7,000 za wiki nzima kwa pamoja, asipewe moja moja kila asubuhi. Kumpa moja moja ni kumrudisha kwenye hela ya mezani.

Maharage loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kilo moja kwa mara moja, tenga ya leo na ya kesho. Kama hakuna friji, ya kesho yachemshwe tena jioni kabla ya kulala, bila kitunguu wala nyanya, kwani vikishaungwa huchacha haraka. Moto mmoja umefanya kazi ya siku mbili.

Umeme na gesi

Nyumba inayotumia umeme chini ya uniti 75 kwa mwezi inaweza kuwa kwenye daraja la watumiaji wadogo, ambako uniti moja pamoja na kodi na tozo huwa kama 122. Daraja la kawaida ni kama 356. Wapangaji wanne wakichangia mita moja ya LUKU (umeme wa kulipia kabla), matumizi yao kwa pamoja yanavuka uniti 75 na wote wanalipa bei ya juu, hata mwenye taa mbili tu. Kabla ya kuhamia nyumba, uliza mita ni ya nani na ina daraja gani. Tofauti hiyo yaweza kufidia kodi iliyozidi kidogo. Pia usishangae LUKU ya kwanza ya mwezi kutoa uniti chache, kodi ya jengo hukatwa humo.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 una uzito wake mtupu ulioandikwa mwilini au shingoni. Kama umeandikwa 7.2, mzani lazima usome 13.2. Dai kupimiwa kabla ya kulipa, na anayekataa mwache na mtungi wake. Gesi itumike kwa chai, uji na mboga, na vya kuchemka muda mrefu viende kwenye mkaa ulionunuliwa kwa gunia au debe. Gunia mkichangia na jirani ni sawa kabisa.

Mtoto mchanga

Pampasi mchana kutwa hazilipiki kwa mshahara huu. Nepi za kitambaa mchana, dazeni mbili ili mvua isiwakwamishe, na pampasi moja usiku: vipande 30 kwa mwezi. Linganisha bei kwa kipande kimoja, usiangalie ukubwa wa pakiti. Maziwa ya mama pekee yanatosha miezi sita ya kwanza, na mama anayenyonyesha ndiye wa mwisho kupunguziwa chakula. Baada ya hapo uji wa nafaka moja au mbili, uongezwe maziwa au karanga zilizosagwa wakati wa kupika, ni bora kuliko unga wa nafaka nane uliokaa dukani. Karanga ndani ya unga huchacha baada ya wiki chache, na soya isiyokaangwa humsumbua mtoto tumbo.

Chanjo kwenye vituo vya serikali ni bure, na kwa sera watoto chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo. Lakini dawa zikikosekana utaandikiwa ukanunue nje. Ndiyo maana 20,000 ya dharura haiwi hiari.

Karatasi nzima

Kodi 80,000, Januari 20,000, nauli ya kazini 40,000, stoo 131,000, soko 98,000, gesi na mkaa 45,000, umeme na maji 20,000, mtoto mchanga 25,000, dharura 20,000, simu 10,000. Jumla 489,000. Zinabaki 27,000 kwa wazazi kijijini, sadaka na michango. Ndiyo, ni kidogo. Kadi za harusi zinapokuja, sema mapema kiasi unachoweza na ukitoe kwa wakati, ni heshima zaidi ya kuahidi 50,000 ukakimbia simu. Msiba haupangiwi tarehe, kwa hiyo sehemu ya fungu hili ibaki hata mwezi usio na kadi.

Hela za stoo, soko na gesi zitoeni kwa wakala mara moja, maana kutoa 10,000 mara kumi ni kulipa makato mara kumi.

Mwezi ukikaza, punguzeni kwa mpangilio huu: bando, soda na vitafunwa vya barabarani, nyama, kisha sukari. Mayai na dagaa vya watoto, nauli ya kazini na kodi havigusiki. Mikopo ya kausha damu msiisogelee kwa ajili ya chakula: kuchukua 100,000 na kurudisha 130,000 baada ya mwezi ni kuianza bajeti ijayo ikiwa pungufu ya stoo yote. Afadhali daftari la duka la jirani, ilimradi nanyi mna nakala yenu na mmewekeana kikomo, tuseme 15,000.

Mwezi wa kuanzia

Familia inayoishi kwa hela ya mezani haiwezi kujaza stoo mwezi wa kwanza, na wengi hukata tamaa hapo. Anzeni na mafuta na sabuni tu, kwa 36,000, vilivyobaki viendelee kama zamani. Mwezi wa pili ongezeni sukari na maharage kwa kile mlichookoa. Mchele uje wa tatu, na kama mwezi huo ni kuanzia Juni, wakati mavuno yanaingia sokoni, bei nayo itakuwa imelegea kidogo. Unga uwe wa mwisho, kwa kuwa tofauti yake ya bei kati ya kilo na mfuko ni ndogo kuliko ya vingine vyote.