Kuunda modeli ya kukadiria moshi wa magari na mitambo: mwongozo kwa mfano wa Mwanza

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua kutumia lahajedwali au lugha ya Python kwa kiasi, ambaye amepewa kazi ya kukadiria hewa chafu inayotolewa na magari na mitambo ya eneo fulani. Programu za kukadiria moshi kama MOVES ya Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani na COPERT inayotumika Ulaya zimejengwa kwa ustadi, lakini zinabeba ndani yake orodha za magari ya huko zilikotoka. Ukiziendesha kwa Mwanza bila kubadilisha takwimu za shughuli (idadi ya magari, kilomita na saa za kazi), zitakupa jibu lenye desimali nyingi linalohusu mji mwingine. Kwa hiyo ninashauri uanze na modeli yako ndogo ambayo kila namba yake unaweza kuieleza.

Hatua ya 1: Weka mpaka

Andika eneo, mwaka na aina za hewa utakazokadiria kabla ya kufungua kompyuta. Mwaka ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Tangu Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025, magari ya Sengerema na Geita hayasubiri tena kivuko, hivyo takwimu za kabla ya hapo hazifai kuchanganywa na za baadaye. Amua pia kama utahesabu mafuta yanayouzwa ndani ya mpaka au mafuta yanayochomwa ndani ya mpaka. Basi linalojaza tangi Nyegezi, Mwanza, na kuelekea Dar es Salaam huyatenganisha mambo hayo mawili waziwazi.

Hatua ya 2: Gawa vyombo katika makundi

Tenga bodaboda, bajaji, magari madogo, daladala, mabasi ya mikoani, malori ya kati na malori ya tela. Ndani ya kila kundi weka aina ya mafuta, umri wa injini, na hali ya masega, yaani kifaa cha kusafisha moshi kilichomo kwenye ekzosi. Sifa hii ya mwisho haimo katika kadi ya gari, nayo ndiyo inayopotosha makadirio ya magari ya mitumba: gari lililotengenezwa kwa kiwango kikali cha moshi likishatolewa masega haliwezi tena kupewa kigezo (kiasi cha hewa chafu kwa kila kipimo cha kazi) cha kiwango hicho. Waulize mafundi wa gereji, kwa kuwa wao ndio wanaojua ni mangapi yametolewa.

Hatua ya 3: Kadiria hewa ukaa kutokana na mafuta

Hewa ukaa (CO2) haihitaji utata wowote, kwa sababu kaboni iliyomo kwenye mafuta karibu yote hutoka kama CO2. Miongozo ya IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, ya mwaka 2006 inatoa kilo 74,100 kwa kila terajuli (kipimo cha nishati) ya dizeli na kilo 69,300 kwa petroli. Ukitumia msongamano wa kawaida wa mafuta, utapata takriban kilo 2.68 kwa lita ya dizeli na kilo 2.27 kwa lita ya petroli. Salfa hukokotolewa vivyo hivyo: dizeli yenye salfa ya sehemu 50 kwa milioni hutoa takriban miligramu 84 za dioksidi ya salfa kwa kila lita.

Hatua ya 4: Kwa hewa nyingine, hesabu kazi ya injini

Oksidi za nitrojeni, kaboni monoksaidi na chembechembe za masizi hutegemea jinsi injini inavyofanya kazi, na hapa ndipo vilima vya Mwanza vinapoingia. Kwa magari madogo tumia mlinganyo wa nguvu mahususi, yaani nguvu inayohitajika kwa kila tani ya gari, uliotolewa na Jiménez-Palacios mwaka 1999:

P = v × (1.1a + 9.81m + 0.132) + 0.000302v³

P ni kilowati kwa tani, v ni mwendo kwa mita kwa sekunde, a ni mchapuko (kasi ya kuongeza mwendo), na m ni mwinuko wa barabara ukiandikwa kama sehemu ya moja (asilimia 5 ni 0.05). Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa bila kuchapuka kwenye tambarare linahitaji takriban 1.27. Likipanda mwinuko wa asilimia 5, tuseme kwenye kilima cha kuelekea Bugando, kwa mwendo uleule, linahitaji 5.36, yaani zaidi ya mara nne. Modeli inayotumia mwendo wa wastani peke yake hailioni jambo hili. Rekodi mwendo kwa GPS ya simu kila sekunde, lakini mwinuko uchukue kwenye ramani ya miinuko, kwa maana GPS ya simu huyumba mno katika kimo. Malori yanahitaji namba nyingine katika mlinganyo huo.

Kumbuka pia kwamba uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni kilopaskali 88 hivi. Vigezo vilivyopimwa pwani visichukuliwe kuwa vinafaa bila marekebisho, hasa kwa injini za zamani za dizeli zisizo na turbo.

Hatua ya 5: Mitambo isiyotembea barabarani

Eskaveta, greda, jenereta na mashine za kukoboa mpunga hazihesabiwi kwa kilomita. Zidisha idadi, nguvu ya injini, sehemu ya mzigo (kiasi cha nguvu hiyo kinachotumika kwa wastani), saa za kazi na kigezo cha utoaji. Modeli ya Marekani ya mitambo, NONROAD, ambayo baadaye iliunganishwa ndani ya MOVES, hutumia mzigo wa 0.59 kwa eskaveta, 0.43 kwa jenereta na 0.21 kwa bakholoda (mtambo wenye ndoo mbele na mkono wa kuchimba nyuma). Eskaveta ya kilowati 110 iliyofanya kazi saa 6 hutoa kilowati-saa 389. Ikitumia kilo 0.22 za dizeli kwa kila kilowati-saa, inachoma lita 102 hivi na kutoa kilo 273 za CO2.

Saa hizo zisome kwenye mita ya mtambo, wala usizikadirie kwa ratiba ya kazi, kisha linganisha lita ulizokokotoa na daftari la mafuta la eneo la ujenzi. Daftari likionyesha nusu yake, mzigo wa 0.59 haufai kwa kazi ile. Mtambo pengine ulikuwa ukiunguruma tu ukisubiri malori.

Injini za mitumbwi zinazochanganyiwa oili kwenye petroli zipe kundi lake, kwani sehemu kubwa ya petroli hutoka bila kuungua.

Hatua ya 6: Panga programu na uipime

Takwimu za shughuli, vigezo na hesabu zikae katika majedwali tofauti, na kila safu iandikwe kipimo chake. Kwa kila pembejeo weka kiwango cha chini na cha juu, kisha acha kompyuta ichague thamani nasibu na kurudia hesabu mara elfu kadhaa, ili utoe masafa badala ya namba moja.

Hatimaye jumlisha mafuta yote ambayo modeli inasema yamechomwa, uyalinganishe na mauzo ya vituo, ukiondoa mafuta ya mabasi ya mikoani na malori ya masafa marefu. Petroli ya modeli ikiwa pungufu sana kuliko ya mauzo, anza kukagua kilomita za bodaboda kwa siku, ambazo wenye pikipiki na madereva huzitaja tofauti. Usiguse vigezo vya utoaji mpaka mafuta yalingane.