SOMO: Namna ya kumpata na kumlea Hypolycaena, kipepeo wa mikia minne

Wadau habari, watu wameniuliza sana kuhusu hiki kidude basi leo nakimaliza. Jenasi (yaani kundi la aina zenye undugu wa karibu) inaitwa Hypolycaena, iko Afrika, Asia mpaka Australia, ila huku pwani utakayekutana naye zaidi ni Hypolycaena philippus. Ni mdogo, akifungua mabawa hayazidi sentimita 3, dume kahawia yenye mng'ao wa zambarau, akifunga unaona kijivu na mistari ya rangi ya chungwa.

1. Usimkimbize. Mi nshapoteza asubuhi nzima na wavu kama mwehu, watoto wananicheka. Dume ana kijiti chake, anaruka anazunguka alafu anarudi palepale, we chuchumaa tu usubiri.

2. Mwangalie nyuma, utamu wote uko huko. Kila bawa la nyuma lina mikia miwili, na kwenye shina la mikia kuna madoa kama macho. Akitua anasugua mabawa juu chini, mikia inacheza kama vipapasio, sasa mjusi anadhani kichwa ndo kile, anadaka, anabaki na kipande cha bawa mdomoni mwenyewe kashaondoka. Ndo maana wengi utawakuta wamenyofolewa nyuma.

3. Kiwavi mtafute kwenye mtundakula, au miti ya Clerodendrum. Ni kijani, bapa, kama konokono asiye na nyumba. Ukiona sisimizi wamekomaa na jani moja chungulia hapo, mgongoni ana tezi inayotoa maji matamu wanakunywa wao, nao wanamlinda.

4. Kata na tawi lake, weka kwenye kopo, funika kwa kitambaa cha neti, majani mapya kila siku na mavi uyatoe la sivyo ukungu. Kopo moja kiwavi mmoja, jamii hii wakibanana wanalana.

5. Akishakuwa pupa, yaani kiwavi ametulia kwenye ganda anageuka kipepeo, usimguse. Akitoka muache mabawa yakauke, alafu mwachie hapohapo ulipomtoa.

MASWALI

– Mkuu bila sisimizi hafi?
Wangu hawakufa. Sisimizi ni walinzi, na kwenye kopo hakuna wa kumlinda naye.

– Anawasha kama washawasha?
Hapana, hana yale manywele marefu.

– Mi niko Oman, makomamanga yetu yanatobolewa na kiwavi, ndo huyu?
Siyo huyu, huyo ni ndugu yake, Deudorix livia. Jike anataga kwenye tunda, kiwavi anatoboa anaingia ndani anakula mbegu, ukiona tundu kazi ishaisha. Yavalishe mifuko matunda yakiwa bado madogo, na yaliyotobolewa yaokote uyachome, usiyaache chini ya mti.

– Picha ya simu inatoka na ukungu tu.
Nenda saa moja asubuhi, jua halijamchangamsha, na lenzi ufute kwanza hiyo.